Kitambaa Kinachosema Kabla ya Donda Kuoza

Waswahili wana jina lao kwa jeraha lisilotaka kupona: huliita donda ndugu. Jina hilo halikutolewa kwa mzaha. Donda la namna hiyo hukaa na mtu kama mtu wa ukoo. Hulala naye na kuamka naye, humfuata shambani, sokoni na katika nyumba ya ibada, hula akiba yake kidogo kidogo, na mwisho wake, lisipoangaliwa, humdai mguu. Ubaya wake mkubwa ni ukimya. Kidonda kinaweza kuonekana kimetulia chini ya shashi nyeupe, kumbe ndani yake vijidudu vinazaana usiku na mchana. Siku harufu inapotoka au homa inapopanda, mara nyingi daktari hana tena la kufanya ila kukata.

Kwa sababu hiyo, juhudi zinazofanywa na wanasayansi wa nchi mbalimbali za kutengeneza kitambaa cha kidonda chenye uwezo wa kutibu na papo hapo kutoa habari zinastahili kufuatiliwa kwa makini na kila anayejali afya ya wananchi. Kitambaa hicho kinakusudiwa kufanya kazi tatu kwa pamoja. Kwanza, kukikinga kidonda na uchafu kama ifanyavyo bendeji yoyote. Pili, kukitibu kwa dawa iliyomo ndani yake, na katika miradi mingi dawa hiyo hutokana na vitu vya asili kama vile asali, bizari ya manjano na mshubiri. Tatu, kukiangalia kidonda kwa kutumia vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyotambua joto, unyevu au uchachu, na kumjulisha muuguzi mapema kwamba hali inaharibika.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mataifa tajiri, na kwamba nchi yenye zahanati zinazokosa pamba na spiriti haina haja ya kusikia habari za bendeji zenye akili. Hoja hiyo ina sura ya busara, lakini haisimami. Mwenye haja kubwa ya kengele ni yule aliye mbali na zimamoto. Mgonjwa wa mjini mwenye daktari jirani anaweza kufunguliwa kidonda kila siku kikatazamwa. Mgonjwa aliye kilometa 30 kutoka kituo cha afya, ambaye nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha watoto wake, ndiye anayehitaji kujua kama leo ni siku ya safari au ni siku ya kupumzika.

Ukubwa wa tatizo wenyewe haubishaniwi. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wazima milioni 537 walikuwa wakiishi na kisukari duniani, milioni 24 kati yao wakiwa katika kanda ya Afrika. Kisukari kikikaa mwilini muda mrefu bila kudhibitiwa hudhoofisha mishipa ya fahamu ya miguu na kuzuia damu kufika vizuri vidoleni. Mkulima mwenye hali hiyo anaweza kukanyaga mwiba asubuhi, akalima hadi jua la utosi, akarudi nyumbani na kuugundua mwiba huo jioni anaponawa miguu, kwa sababu aliona damu na si kwa sababu alisikia uchungu. Maumivu, ambayo ndiyo mlinzi aliyewekwa na maumbile, yamekwisha mtoroka. Kitambaa chenye kihisi kwa mtu huyo ni mlinzi mpya anayeshika zamu ya yule aliyeondoka.

Pamoja na wenye kisukari wapo akina mama. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 11 katika kila 100 wanaofanyiwa upasuaji huambukizwa, na kwamba katika Afrika hadi wanawake 20 katika kila 100 wanaojifungua kwa kupasuliwa hupata maambukizo ya kidonda. Mama huyo huruhusiwa kwenda nyumbani na kichanga mikononi. Kidonda chake kikianza kuharibika siku ya tano, aliye karibu naye ni mama mkwe na jirani, si daktari.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi mara kwa mara. Vitabu vingi vya udaktari viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, navyo hufundisha kwamba dalili ya kwanza ya maambukizo ni wekundu unaozunguka kidonda. Katika ngozi nyeusi wekundu huo ni mgumu kuonekana, na muuguzi kijana anayeutafuta kama alivyofundishwa anaweza kuukosa kabisa. Ikiwa dalili itahamishwa kutoka kwenye ngozi na kuwekwa kwenye kitambaa, basi wagonjwa wa Afrika ndio watakaonufaika zaidi ya wote. Hiyo ni sababu ya kutosha ya kutolitazama jambo hili kama starehe ya wenzetu.

Upande wa dawa, historia ni ndefu. Hati ya kale ya Misri iitwayo Edwin Smith, inayokadiriwa kuandikwa yapata miaka 3,600 iliyopita, inaagiza majeraha yafungwe kwa mafuta, asali na nyuzi za kitani. Sayansi ya siku hizi imeeleza kwa nini agizo hilo lilifaa. Sukari nyingi iliyomo katika asali huwanyang'anya vijidudu maji wanayoyahitaji ili waishi. Asali ni chachu pia, na uchachu huo hauwapendezi. Zaidi ya hayo, nyuki huingiza katika asali kimeng'enya ambacho, asali ikichanganyika na majimaji ya kidonda, hutoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo, dawa ile ile ya kuulia vijidudu inayopatikana katika maduka ya dawa. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu bendeji zenye asali iliyosafishwa kitaalamu ziuzwe nchini humo.

Haifai, hata hivyo, kutia chumvi. Mapitio makubwa ya tafiti za asali yaliyotolewa na jumuiya ya Cochrane mwaka 2015 yalionyesha kwamba asali huponyesha majeraha ya moto yasiyo na kina kirefu siku 4 hadi 5 mapema kuliko bendeji za kawaida, na kwamba huvisaidia vidonda vya upasuaji vilivyoambukizwa. Kwa vidonda vya miguu ya wenye kisukari ushahidi ulikuwa bado mdogo mno kutolea hukumu. Ukweli huo usemwe kama ulivyo. Anayeisifia asali kupita ushahidi wake anaidhalilisha kuliko anayeinyamazia.

Lipo pia fundisho la mwaka 1962, wakati mtafiti George Winter alipoonyesha kwa majaribio aliyofanya juu ya nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi mpya kwa kasi ya karibu mara mbili ya kile kilichoachwa wazi kikauke. Hadi leo wako wananchi wengi, na hata baadhi ya watumishi wa afya, wanaoshauri kidonda "kipigwe upepo". Kitambaa chenye asali au mshubiri hutunza unyevu huo, na hapo dawa ya asili na matokeo ya maabara hukutana bila kugombana.

Sasa na itazamwe sehemu ya vihisi. Ngozi yenye afya ni chachu kidogo. Kipimo chake cha pH huwa kati ya 4 na 6. Kidonda sugu hubadilika kikawa na hali ya kimagadi. Kipimo hupanda kupita 7 na mara nyingine hukaribia 9. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping, Uswidi, pamoja na wenzao, walitangaza kitambaa cha nyuzi ndogo sana za selulosi kilichotiwa rangi inayogeuka kutoka njano kuwa buluu pale kipimo kinapovuka 7. Mgonjwa hafunguliwi kidonda. Anayemhudumia hutazama rangi tu. Mwaka huo huo watafiti wa Singapore walitoa kibandiko cha karatasi kisichotumia betri, chenye vipimo vitano vya rangi kwa ajili ya joto, unyevu, uchachu, asidi ya yuriki na trimethailamini. Kamera ya simu hukipiga picha na programu huitafsiri, na katika majaribio yao ilitofautisha hali za vidonda kwa usahihi wa 97 kwa mia.

Wengine wamechukua njia ya umeme. Watafiti wa Stanford, Marekani, walieleza mwaka 2022 juu ya bendeji isiyo na waya inayopima kidonda na kukichochea kwa umeme hafifu. Katika panya, vidonda vilipona kwa kasi iliyozidi ya kawaida kwa asilimia 25. Watafiti wa Caltech walitoa habari mwaka 2025 za bendeji inayofyonza majimaji ya kidonda na kuyapima hapo hapo, iliyojaribiwa kwa wagonjwa 20. Hizo ni kazi za kuheshimiwa. Lakini kila kifaa cha umeme kina betri inayokwisha, kina bei, na kina fundi ambaye hayupo wilayani.

Ndiyo maana mfano unaogusa zaidi haukutoka katika maabara kubwa. Ulitoka kwa msichana mwanafunzi wa shule ya sekondari katika jimbo la Iowa, Marekani, aitwaye Dasia Taylor. Alisoma habari za nyuzi za kushonea zilizotiwa vihisi vya umeme, akajiuliza zitamsaidia nini mama aliyejifungua kwa upasuaji katika nchi maskini. Akachemsha bitiruti, akatia rangi yake katika uzi wa kushonea, na uzi huo ukawa mwekundu wa kung'aa katika hali ya kawaida na wa zambarau iliyoiva katika hali ya kimagadi inayofanana na ya kidonda kilichoambukizwa. Mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 17, alifika fainali ya mashindano makubwa ya sayansi ya vijana nchini mwake. Kazi yake haikuwa dawa iliyokamilika. Hata hivyo, ilithibitisha kwamba kihisi kinaweza kutoka jikoni.

Jiko la Afrika Mashariki lina vitu hivyo tele. Rozela, ambayo wengine huiita choya, huwa nyekundu penye uchachu na huelekea buluu au kijani penye magadi. Bizari ya manjano hugeuka kutoka njano kuwa nyekundu ya kahawia inapokutana na magadi, jambo ambalo kila mama aliyefua kanga yenye doa la mchuzi kwa sabuni amekwisha kuliona kwa macho yake. Bizari hiyo hiyo inachunguzwa katika maabara nyingi kwa sababu kiini chake, kurkumini, hupunguza uvimbe na kuwazuia vijidudu. Hapa basi kitu kimoja cha asili kinaweza kuwa dawa na kihisi kwa wakati mmoja.

Lakini kazi ya kuviunganisha si rahisi kama inavyosikika, na ni vema wananchi waujue ugumu wake ili wasidanganywe na wafanyabiashara wa miujiza. Asali ni chachu. Rangi inayopima uchachu ikiwekwa katika tabaka moja na asali, itasoma asali badala ya kidonda. Kitambaa kitaendelea kuonyesha salama huku nyama inaoza. Vivyo hivyo, kihisi cha haidrojeni peroksaidi kinaweza kuisikia ile inayotoka katika asali yenyewe na kuidhania ugonjwa. Dawa na mlinzi wakilazwa kitanda kimoja, mmoja humsemea mwenzake. Lazima watenganishwe: asali ikae karibu na kidonda kwa kiasi kinachojulikana, kihisi kikae mahali pake kikipata majimaji kwa njia yake, na ijulikane baada ya saa ngapi asali imeyeyuka kiasi cha kumwachia mlinzi aseme kweli.

Yapo na matatizo mengine. Rangi ya mimea huchujuka, hivyo ni lazima ishikizwe katika uzi isiingie kidondani. Damu hufunika wekundu, na usaha hufunika njano. Kurkumini hupauka kwa mwanga na huharibika upesi penye magadi. Maji yenye sabuni yaliyomwagika juu ya kitambaa yanaweza kuleta kelele ya uongo. Na hata rangi ikisema kweli, kipimo cha kimagadi si hati ya kuthibitisha maambukizo, kwa maana jeraha bichi lenye damu nalo huvuka 7. Kitambaa kinaita jicho la mtaalamu lije litazame. Hukumu hubaki kuwa ya mtaalamu.

Katika mjadala huu nchi nyingi za Afrika zimegawanyika katika makundi mawili, na yote mawili yanahitaji kurekebishwa. Kundi la kwanza ni la wasomi wanaokunja pua kila wasikiapo neno mitishamba. Hao husahau kwamba dawa nyingi wanazoziandika kila siku zilitoka katika magome na majani. Kundi la pili ni la wale wanaodai kwamba kitu cha asili hakiwezi kumdhuru mtu. Sumu ya nyoka nayo ni ya asili. Asali ya sokoni inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulini, na hiyo ndiyo sababu asali ya hospitali hupigwa mionzi ya gama. Haichemshwi, kwa kuwa moto ungekiua kile kimeng'enya chenye faida. Utomvu wa papai umesaidia kulainisha na kuondoa nyama iliyokufa, na huko Gambia papai bichi lilitumika katika wodi ya watoto walioungua. Pamoja na hayo, mwaka 2008 Marekani iliamuru dawa za kupaka zenye kimeng'enya cha papai, ambazo hazikuwa zimepitishwa rasmi, ziondolewe madukani, kwa sababu baadhi ya wagonjwa walipatwa na mzio mkali. Papai ni lile lile. Kilichotofautiana ni kipimo, usafi na uangalizi.

Kwa hiyo njia ya haki ni moja: kupima. Mganga wa jadi anayejua mti fulani aitwe, asikilizwe, aheshimiwe na alipwe. Kisha mti wake upimwe kama inavyopimwa dawa nyingine yoyote. Tanzania haianzii sifuri katika kazi hiyo. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na leo ni taasisi kamili ndani ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1979. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilipitishwa mwaka 2002. Vyombo vipo. Linalotakiwa ni kuvipa kazi mahususi, yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kutolea hesabu.

Suala la umiliki nalo lisiachwe nyuma, kwa sababu yaliyotokea kwa bizari ya manjano yanatosha kumwamsha aliyelala. Mwezi Machi 1995 ofisi ya hataza ya Marekani ilitoa haki ya kumiliki matumizi ya bizari ya manjano katika kuponya vidonda, kana kwamba jambo hilo limegunduliwa juzi. Bibi wa Kihindi aliyempaka mjukuu wake bizari gotini alikuwa amekwisha kulijua kabla ya ofisi hiyo kujengwa. Baraza la utafiti wa sayansi na viwanda la India halikulalamika kwa maneno matupu. Lilikusanya maandishi ya kale na ya karibuni, likayapeleka mbele ya ofisi hiyo, na mwaka 1997 haki ile ikafutwa. India ilishinda kwa sababu ilikuwa na maandishi. Maarifa yaliyomo katika kichwa cha mzee mmoja wa Tabora au Pemba hayawezi kutetewa hivyo; mzee akifariki yameondoka, na mgeni akiyaandika wa kwanza yamekuwa yake.

Tena, upo uwezekano wa aibu nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Nchi hii hulima pamba, na sehemu kubwa ya pamba hiyo huuzwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Misitu ya miombo hutoa asali inayojulikana mbali. Manjano hustawi Unguja, Pemba na Muheza, na rozela huvumilia ukame. Nguo, dawa na rangi ya kitambaa hicho vyote vinaota katika ardhi moja. Ikiwa vitasafirishwa katika magunia na madumu, kisha virudi baada ya miaka michache vimeshikamana ndani ya pakiti moja ya plastiki yenye bei ya mshahara wa wiki nzima, hatakuwapo wa kulaumiwa ila waliolala. Kununua kitu ambacho nchi haiwezi kukitengeneza si dhambi. Kukinunua kile ambacho malighafi yake yote imetoka mlangoni pako ni uzembe.

Hatua zinazohitajika si za ndoto. Ya kwanza ni kuanza na kitambaa cha rangi kabla ya kitambaa cha umeme. Rangi haina betri, haihitaji mtandao, na mtu asiyejua kusoma anaweza kuifuata akipewa kadi ndogo yenye rangi mbili au tatu za kulinganisha. Wasioona rangi vizuri wafikiriwe pia, kwa kuweka alama inayojitokeza badala ya kutegemea nyekundu na kijani peke yake.

Ya pili ni kuweka daraja la asali ya hospitali na kanuni zake, tangu mzingani hadi chupani, ili mfugaji nyuki ajue ni usafi gani unaotakiwa na ni bei gani ya ziada atakayopata kwa usafi huo. Mfugaji asiyelipwa zaidi kwa asali safi hana sababu ya kuisafisha.

Ya tatu ni kufanya majaribio hapa hapa, kwa ridhaa ya wagonjwa wenyewe, katika joto la hapa, jasho la hapa na vumbi la hapa. Kitambaa kilichopimwa katika chumba chenye ubaridi wa Ulaya hakijapimwa kwa mvuvi wa Kilwa wala kwa mpasua mawe wa Mwanza. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba isilegeze masharti kwa sababu tu bidhaa ni ya nyumbani. Bidhaa ya nyumbani ikimdhuru mtu mmoja, imeziua na nyingine kumi zilizokuwa njiani.

Ya nne, na pengine ndiyo iliyo kubwa kuliko zote, ni kuhakikisha kwamba kengele inapolia yupo anayeitika. Kitambaa kikigeuka rangi katika kijiji ambacho zahanati yake haina dawa, wala usafiri wa kumpeleka mgonjwa wilayani, kitakuwa kimemwongezea mgonjwa hofu badala ya nafuu. Kila rangi iwe na agizo lake: hii, endelea, hii, nenda zahanati kesho, hii, nenda hospitali leo. Na agizo lolote lisiwe "kameze viuavijasumu ulivyonavyo nyumbani". Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba watu milioni 1.27 walikufa duniani katika mwaka 2019 kutokana na bakteria waliokwisha kuzizoea dawa. Kitambaa kizuri kinapaswa kupunguza matumizi ya ovyo ya dawa hizo, kwa kuonyesha ni nani asiyezihitaji.

Ya tano ni elimu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia wananchi kwa redio, vijitabu na vikundi vya kujifunza, na watu wakachimba vyoo kwa mikono yao baada ya kuelewa sababu. Elimu ya vidonda inaweza kupita njia hiyo hiyo. Mwenye kisukari afundishwe kutazama nyayo zake kila jioni, kutotembea pekupeku, na kugusa miguu yote miwili. Mguu mmoja ukizidi mwenzake kwa joto la takriban nyuzi 2.2, wataalamu hulichukua hilo kuwa onyo. Kitambaa chochote, kiwe na akili namna gani, hakitamsaidia mtu ambaye hajui kwamba ana kidonda.

Hayo yote yanahitaji fedha, lakini mguu uliokatwa nao una gharama, ingawa haiandikwi katika vitabu vya bajeti. Hulipwa na mke anayeacha shamba ili auguze, na mtoto anayeacha shule ili achunge. Hulipwa na fundi mjenzi ambaye hatapanda tena jukwaa. Anayepanga matumizi ya afya hana budi kuihesabu gharama hiyo pia, kisha alinganishe.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Katika donda ndugu anayeficha maradhi si mgonjwa peke yake. Shashi nayo huficha, na mishipa iliyokufa huficha. Sayansi sasa inatoa njia ya kuvifanya vitu hivyo viseme. Pamba iko ghalani, asali iko mzingani, manjano iko kinuni, na vijana waliosoma kemia wako mitaani wakitafuta kazi. Wanaohusika wawakutanishe, tena mapema, maana donda halingoji kikao kijacho.